Mfuniko juu ya kopo au kando? Njia nne za kupanga makopo ya chakula, kutoka jikoni kwangu Moshi

Januari ya mwaka jana, wageni wakiwa wamesharudi Dar es Salaam na Dodoma na nyumba imetulia, nilitandika mkeka uani nikamwaga juu yake kila kopo na kila mfuniko uliokuwamo jikoni. Binti yangu wa darasa la tano akakaa upande mmoja, mimi upande wa pili, tukaanza kuoanisha. Makopo yalikuwa 41. Mifuniko 29. Yaliyopatana yalikuwa jozi 22 tu. Maana yake makopo 19 yalikuwa yanakula nafasi kabatini bila kuwa na cha kuyafunika, na mifuniko 7 ilikuwa inasubiri makopo ambayo labda yako Machame, labda Himo, labda yalishatupwa zamani.

Anayeishi Kilimanjaro anajua upungufu huo unatoka wapi. Desemba watu wanarudi nyumbani, mbuzi anachinjwa, ndizi zinapikwa kwa sufuria kubwa, na mgeni haondoki mikono mitupu. Nyama inatiwa kwenye kopo la aiskrimu, machalari kwenye lile kontena zuri ulilonunua juzi, na safari inaanza. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku Juni 2019, kopo lenye mfuniko limeongezewa kazi. Likirudi halirudi tupu, ndiyo desturi. Linarudi limejazwa parachichi zilizopita mdomo wake, na kwa kuwa mfuniko haukuweza kufunga, umebaki huko huko.

Kwa mwaka mzima baada ya siku ile nimejaribu njia tatu za kupanga vyombo hivi kwenye kabati langu, na ya nne nimeiangalia kwa karibu nyumbani kwa wifi yangu Arusha, maeneo ya Sakina. Watu wengi wakilinganisha njia hizi wanaangalia nafasi tu. Mimi nimeiona nafasi ni jambo la tatu. La kwanza ni nani anayerudisha vyombo kabatini baada ya kuoshwa. La pili ni vumbi, wadudu na unyevu. Ndipo uje kwenye nafasi.

Kabla ya yote, punguza

Hakuna mpangilio utakaodumu juu ya makopo 19 yasiyo na mifuniko. Yatoe kwanza. Yangu mengine yalikwenda kwenye miche ya mchicha na sukuma, mawili kwa fundi wa hapa jirani awekee misumari, moja likawa la kuchotea pumba za kuku.

Zile jozi zilizobaki, geuza kopo uangalie chini. Kuna alama ya pembetatu yenye namba ndani yake. Namba hiyo inakuambia ni plastiki ya aina gani. Haikuhakikishii usalama wa kila matumizi, lakini inasaidia kuamua. Namba 5 ni polipropilini, ndiyo inayovumilia chakula cha moto kuliko nyingi tulizo nazo majumbani. Namba 2 na 4 ni poliethilini, nzuri kwa vitu vikavu na vya baridi: karanga, dagaa waliokaangwa, unga wa lishe, mboga iliyokatwa. Namba 1 ni ile ya chupa za maji na soda. Ukimimina uji wa moto humo inajikunja mbele ya macho yako. Namba 6, iwe ile ngumu inayopasuka kirahisi au ile nyeupe nyepesi ya kufungia chakula, mimi siirudishii chakula tena. Namba 7 ni mkusanyiko wa plastiki nyingine zote, kwa hiyo namba peke yake haikutoshi kujua una nini mkononi.

Halafu pima mfuniko, maana mfuniko ndio unaokufa kwanza. Uweke juu ya meza iliyonyooka, bonyeza pembe moja kwa kidole. Ukiinuka upande wa pili, umepinda, na hata ukiulazimisha kufunga utavuja. Kuna sababu. Mara nyingi mfuniko hutengenezwa kwa plastiki laini kuliko kopo lake, na ulaini huo ndio unaoufanya ujivute na kushika mdomo wa kopo. Earl Tupper wa Marekani, aliyeanza kuuza vyombo vya Tupperware mwaka 1946, alijenga jina lake juu ya wazo hilo la mfuniko laini unaozuia hewa. Ubaya ni kwamba plastiki laini hulegea kwenye joto mapema. Ukifunika maharage yanayofoka mvuke, kopo litabaki salama lakini mfuniko utatoka umekunja midomo. Subiri mvuke upungue ndipo ufunge, ila usiache chakula mezani zaidi ya saa mbili.

Kipimo cha mwisho ni maji. Weka robo kopo, funga, pindua juu ya sinki, hesabu mpaka kumi. Mifuniko yangu minne ilifeli hapo. Nikabaki na jozi 18, na hizo ndizo nilizozifanyia majaribio.

Njia ya kwanza: kila kopo na mfuniko wake, limefungwa

Hii ndiyo waliyotufundisha mama zetu, na ina heshima yake. Mfuniko haupotei kwa sababu hauachani na kopo. Vumbi haliingii. Mende hapati pa kutagia. Na jambo kubwa kuliko yote: haihitaji maelezo. Mtoto, mgeni, dada wa kazi aliyeanza jana, yeyote anayeosha vyombo anaelewa kwamba kopo linafungwa na kuwekwa kabatini.

Gharama yake ni nafasi, na nimeipima kwa rula. Kontena langu la mstatili la lita moja lina kimo cha sentimita 7. Matano yaliyofungwa na kupandana yanafika sentimita 35, na rafu yangu ina kimo cha sentimita 38, kwa hiyo mnara mmoja wa makontena matano unagusa karibu juu kabisa. Matano hayo hayo yakiingizwa moja ndani ya jingine yanachukua sentimita 13. Kwa njia hii ya kwanza, sehemu kubwa ya kabati unaijaza hewa, na jozi 18 hazikuenea. Sita zilikaa juu ya friji mpaka nilipobadilisha njia.

Gharama ya pili hujitokeza kwenye miezi ya baridi. Juni na Julai hapa Moshi mawingu yanaweza kuukalia mlima siku tatu mfululizo, hata soksi hazikauki. Plastiki nayo ni nzito kukauka kuliko sahani ya udongo au sufuria. Maji hayatandazi juu yake, yanasimama matonematone, na yenyewe haibaki na joto la maji ya kuoshea ambalo lingesaidia kuyakausha. Ukilifunga kopo likiwa na matone manne tu ndani, baada ya wiki ukilifungua linakupiga na uvundo. Mifuniko yenye mpira wa kuzibia ni mibaya zaidi, maana maji yanajificha kwenye mfereji chini ya mpira na kuota kuvu jeusi. Toa mpira huo kwa mpini wa kijiko, usugue mfereji kwa mswaki wa zamani, uache vyote vikauke mbalimbali usiku kucha. Mimi sasa hata kopo kavu naacha pembe moja ya mfuniko bila kubanwa.

Kwa kuwa tumegusa kukausha: doa la manjano la bizari lisikusumbue. Lianike juani siku mbili tatu, jua lenyewe linaififisha ile rangi. La nyanya lililokaangwa na mafuta ni gumu zaidi kwa sababu rangi yake imeyeyuka kwenye mafuta, na mafuta yanaipenda plastiki. Kopo la namna hiyo mimi nalipangia mchuzi moja kwa moja.

Njia ya pili: makopo ndani kwa ndani, mifuniko imesimama kando

Kwa nafasi, hakuna inayoifikia. Makopo yanaingizwa moja ndani ya jingine kwa ukubwa. Mifuniko inasimamishwa kwa ukingo, mikubwa nyuma na midogo mbele, kwenye kikapu cha plastiki au kwenye kile kichanja cha waya chenye nafasi za kusimamishia sahani. Kikapu changu nilikinunua soko la Mbuyuni, na nilikwenda na mfuniko mkubwa mkononi ili niupime humo humo. Nakushauri ufanye hivyo. Kikapu kisipoulingana mfuniko mkubwa, unalala, na ukilala mmoja yote iliyo mbele yake inalala.

Jozi zangu 18 zote ziliingia kwenye rafu moja, na nusu ya rafu ya pili ikabaki wazi. Nilifurahi sana wiki ya kwanza.

Lakini njia hii inabagua maumbo. Mstatili huingia ndani ya mstatili, duara ndani ya duara, na ukichanganya unapata mnara unaoegemea ukuta. Makopo ya duara yana hasara nyingine hata yakiwa peke yake: yakipangwa safu kwa safu, zaidi ya sehemu moja ya tano ya rafu inabaki kama mapengo yasiyoingia kitu. Kwa hiyo ukinunua mapya, nunua ya mraba au mstatili, na yote ya ukubwa mbili au tatu tu zinazotumia mifuniko inayoingiliana. Hapo njia hii inakuwa rahisi sana.

Hasara kubwa ni vumbi na wadudu. Januari na Februari, upepo ukivuma kutoka tambarare, vumbi linaingia hata kwenye kabati lenye milango, sembuse rafu ya wazi. Makopo yaliyo wazi yanalipokea. Na ule mwanya mwembamba kati ya kopo na kopo ndiyo nyumba anayoitaka mende. Dawa niliyoipata ni kugeuza rundo lote kifudifudi na kulifunika kwa kipande cha kanga kuukuu kilichofuliwa. Inasaidia sana, ingawa bado nasuuza kopo kabla ya kulitia chakula.

Yakishikana, usiyapige mezani. Mimina maji baridi kwenye lile la ndani na ulisimamishe la nje kwenye beseni la maji ya moto kidogo. La nje linatanuka, la ndani linasinyaa, yanaachana yenyewe.

Njia ya tatu: mifuniko yote kwenye mfuko wa nyavu

Ule mfuko wa nyavu wa vitunguu, umefuliwa, umetundikwa nyuma ya mlango wa jiko. Ni bure, mifuniko inakauka vizuri kuliko njia nyingine yoyote, na haichukui rafu hata kidogo. Kwa mifuniko minane mpaka kumi inafaa. Kwa 18 nilikuwa namwaga mfuko wote mezani kila asubuhi saa kumi na mbili kutafuta mfuniko mmoja wa chakula cha shule, na nikaiacha baada ya siku tisa. Beseni la mifuniko lina tabu hiyo hiyo bila ile faida ya kukausha.

Njia ya nne: droo

Wifi yangu alipojenga, aliomba droo mbili za kina chini ya meza ya jikoni. Ukifungua, unaona kila kitu kutoka juu: makopo ndani kwa ndani upande wa kushoto, mifuniko imesimama upande wa kulia, na katikati kipande cha mbao kinachozitenganisha. Hakuna kuinama kutazama nyuma ya rundo. Vumbi ni kidogo. Nikikaa kwake naipenda droo hiyo kila ninapoigusa.

Ila kuna mambo ambayo wifi mwenyewe anasema angeyajua mapema angemwelekeza fundi vingine. Droo yake ina kina cha sentimita 15, na mfuniko wake mkubwa una upana wa sentimita 22. Hausimami. Umeegemezwa kimshazari, na ukisukuma droo kwa nguvu unateleza na kuanguka nyuma, na ukishaanguka huko lazima droo nzima itolewe. "Wifi, mwambie fundi wako apime mfuniko, asipime kopo," aliniambia, na nimeliandika mahali.

Pia droo hizo hazina reli za chuma, mbao inateleza juu ya mbao. Masika ya Arusha ikikolea, Aprili, mbao inavimba na droo inakwama nusu njia. Kama unatengenezesha, lipia reli. Kama umepanga nyumba ya mtu, njia hii iache tu, kwa sababu kabati lililojengewa ukutani huondoki nalo.

Nani anarudisha vyombo?

Jibu la swali hili ndilo lililoniamulia, na nilipata jibu bila kutarajia. Mwezi wa tano mama mkwe alishuka kutoka Kibosho kwa matibabu ya macho akakaa kwetu wiki mbili. Wakati huo nilikuwa kwenye njia ya pili, mifuniko imesimama vizuri kwenye kikapu. Yeye si mtu wa kukaa bure, kila mchana aliosha vyombo nikiwa kazini. Siku ya tatu nikakuta mifuniko sita kwenye beseni juu ya meza.

"Mwanangu," akaniambia, "ile mingine umeisimamisha kama vitabu. Niliogopa kukuvurugia, nikaiacha hapa uipange mwenyewe."

Ilinigusa. Mpangilio ambao mama wa nyumba hii anaogopa kuugusa una kasoro, hata kama unaokoa rafu nzima. Nilijua kila mfuniko unakaa wapi kwa sababu mimi ndiye niliyeupanga. Yeye alikuwa anaona vipande 18 vyeupe na vya bluu vinavyofanana.

Jioni ile nilichukua rangi ya kucha nyekundu, nikaandika namba chini ya kila kopo na namba hiyo hiyo juu ya mfuniko wake, 1 hadi 18. Ni desturi tuliyo nayo siku zote kwenye sufuria za msibani na harusini, kila mwenye chombo ana alama yake ya rangi chini. Kalamu ya wino nilishaijaribu, inafutika baada ya kuoshwa mara chache. Rangi ya kucha imedumu miezi, lakini iwe upande wa nje, pasipogusa chakula. Halafu nikapanga kikapuni kwa namba badala ya ukubwa. Kesho yake mama alirudisha kila kitu mahali pake bila kuuliza, na binti yangu sasa anakwenda moja kwa moja kwenye namba 7, kopo lake la shule.

Uchague ipi

Kama jikoni mnaingia watu wengi, au anayeosha vyombo anabadilika kila mara, chukua njia ya kwanza na ukubali kuwa na makopo machache. Makopo kumi yaliyofungwa yanatosha familia ya watu watano, nimehesabu yanayotumika kwetu kwa siku na hayajawahi kuzidi manane.

Kama rafu ni ndogo na watu wa jikoni ni wale wale, njia ya pili, pamoja na namba. Bila namba, usianze.

Kama unajenga na fundi bado hajakata mbao, droo yenye reli, kina chake kizidi upana wa mfuniko mkubwa kwa sentimita mbili.

Kwa anayeishi chumba kimoja bila kabati, nimeona kwa mpangaji wa jirani jambo zuri: ndoo ya lita 20 yenye mfuniko. Makopo ndani kwa ndani katikati, mifuniko imezungushwa kusimama pembeni ikiegemea ukuta wa ndoo, kisha ndoo inafunikwa. Mende haingii, vumbi haliingii, na siku ya kuhama ndoo inabebwa kama ilivyo.

Mimi nimeishia kuchanganya. Sita za kila siku, zile za shule na kazini, ziko zimefungwa rafu ya mbele, pembe moja imeachwa wazi. Sita nyingine ziko ndani kwa ndani na mifuniko kikapuni. Na sita zilizobaki, makopo ya aiskrimu na siagi, nimeyatenga juu kabisa kwa ajili ya safari. Mgeni akiondoka na nyama au ndizi, chakula kinakwenda kwenye moja ya hayo sita, namba 13 hadi 18, na kontena la seti haliondoki nyumbani.

Desemba iliyopita yote sita yaliondoka. Manne yamerudi. La 16 lililetwa kutoka Kibosho na mama mkwe mwenyewe, limejaa parachichi mpaka juu, na mfuniko wake namba 16 ameufunga chini ya kopo kwa kamba ya mgomba.